Picha ya Vita Niliyoipeleka Lalago

Kifaru changu cha kwanza kilikuwa na matairi.

Chekeni, vijana wachoraji, lakini msicheke sana. Mabango yenu ya hapa Bariadi nimeyaona, na yapo yenye makosa ambayo mashine ya kuchapia imeyarudia mara hamsini. Langu lilikuwa moja tu, ukutani kwa kinyozi pale Binza, mjini Maswa. Kinyozi alitaka picha ya vita ili wateja wapate cha kutazama wakisubiri zamu. Mimi kifaru sikuwahi kukiona hata kwa mbali. Nikachukua umbo la trekta la kulimia pamba, nikalivisha bati, nikachomeka bomba refu mbele, nikaliacha na matairi yake manne. Juu nikaweka ndege tatu za kivita zinashuka kama vipanga. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikajisifu.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja kunyolewa. Alikuwa amepigana vita vya Kagera. Akatazama ukuta huku povu la sabuni likiwa kidevuni, akauliza, "Fundi, hilo trekta linakwenda kupigana au kupalilia?" Kinyozi alicheka mpaka wembe ukamponyoka.

Aliyenifundisha kazi, Fundi Rajabu, hakucheka. Alikuwa mtu wa Tabora aliyekuja Maswa kuandika majina ya maduka, akaoa, akabaki. Alisimama mbele ya ukuta ule, mikono nyuma, kama mwalimu anayesahihisha daftari. "Moshi wa kifaru unakwenda kulia," akasema, "na moshi wa ndege iliyoanguka unakwenda kushoto. Hapo Binza kwenu kuna pepo mbili?" Kisha akanipa msasa nifute ukuta mzima. "Usichokiona, kamuulize aliyekiona."

Ndivyo nilivyoanza kukaa na wazee waliotoka vitani. Nilikuwa nawanunulia chai, wao wananichorea vifaru chini kwa kijiti. Nikajua kwamba kifaru kinatembea juu ya minyororo ya chuma, kwamba dereva anakaa chini mbele na anaona kidogo sana, kwamba vumbi lake unaliona kabla hujakiona chenyewe. Kitu kimoja nilikigundua peke yangu, nikitazama mkokoteni wa marobota ya pamba ulivyokwama kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua. Uzito wa kifaru haumo kwenye chuma utakachokichora, umo kwenye udongo. Udongo usipobonyea chini ya minyororo, hata ukichora misumari yote ya bodi, kitabaki kuwa debe. Hilo liandikeni mahali.

Nimechora vita kwa miaka mingi. Kwenye baa, kwenye magereji, kwenye mabodi ya malori. Watu walipenda. Vita ilikuwa imekwenda mbali nasi, na kitu kikiwa mbali kinapendeza. Kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ukuta wa ukumbi mmoja hapa Bariadi, vifaru saba na ndege nne. Pale ndipo nilipoukamilisha moto wangu. Moto hauanzi na rangi nyekundu, vijana. Anza na nyeupe pale unapochoma zaidi, halafu njano, halafu rangi ya chungwa, nyekundu iwe kwenye ncha tu. Na usiupake kwa brashi. Mimi niliupaka kwa kisu, rangi nzito kama ukoko wa ugali, mpaka ukipitisha kidole unausikia umesimama. Taa ikiupiga, unawaka kweli. Maharusi walikuwa wanapigia picha mbele yake.

Sasa mkono unatetemeka na nimeacha. Lakini sikuacha vita kwa sababu ya mkono. Vita niliiacha kabla.

Mchana mmoja nilikuwa ukumbini hapo nikirekebisha pembe iliyobanduka kwa unyevu. Akaingia mama mmoja wa makamo, kanga mabegani, vumbi la safari miguuni. Alipita mbele ya ukuta taratibu, akitazama kifaru kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake katika zizi la jirani.

"Mwadila, fundi," akanisalimia Kisukuma alipofika mwisho.

"Mwadila, mayu," nikaitikia, maana kwetu mama ni mayu.

"Ni wewe uliyechora hivi?"

"Ni mimi."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Wakati ule nilikuwa kwetu Maswa, napaka rangi maghala ya pamba."

Akaitikia kwa kichwa. "Kaka yangu alikuwepo. Pacha wangu. Mimi Kulwa, yeye Doto. Mimi nilitangulia kuzaliwa, yeye akatangulia kuondoka."

Alitoka Lalago. Akanieleza wima vilevile, bila kukaa. Doto alikuwa dereva wa kifaru, na hakurudi. Iliyofika ilikuwa barua, ikisema amefariki akiwa kazini, basi. Hapakuwa na mwili. Baba yao, kabla naye hajafa, alichimba kaburi dogo nyuma ya nyumba akazika shati la Doto na fimbo yake ya kuchungia, ili mama apate pa kukaa anapolia. Picha ya Doto ilikuwa moja tu, ya kijeshi, imewekwa sandukuni. Mchwa waliila pamoja na vyeti vya shule.

"Mama macho yanakwisha," Kulwa akasema. "Bado anaona kidogo kitu kikiwa karibu. Na anasema ameusahau uso wa Doto. Wa utotoni anaukumbuka, wa ukubwa umempotea. Anataka auone mara moja kabla hajafunga macho. Nimesikia wewe unachora askari."

"Mayu, nitamchoraje mtu ambaye sijamwona?"

"Nitazame mimi," akasema. "Tulikuwa tunafanana mpaka mbwa wanakosea."

Nilikwenda Lalago mara nne. Kulwa alikuwa anakaa kwenye kigoda uani, nami namchora kwa penseli, na kila nilichokichora ilibidi nikirudishe nyuma miaka zaidi ya thelathini. Mtu akizeeka, macho na paji la uso havihami. Kinachohama ni mashavu na shingo. Kwa hiyo niliacha macho yake, nikainua mashavu, nikanenepesha shingo, nikapanua taya. Kidogo kidogo kijana wa kiume akaanza kutoka ndani ya yule mama. Kulwa alipouona uso huo alisimama akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Umesahau kovu," akasema. "Hapa, kwenye nyusi ya kushoto. Ndama alimkwangua kwa pembe."

Mama yao, Mayu Minza, alikuwa anakaa mlangoni akituelekezea uso bila kutuona sawasawa. Kila nilipoaga aliniuliza jambo lilelile, "Bado tu?" Nikamjibu, "Karibu, mayu."

Uso ulikuwa tayari, ila sikujua dereva wa kifaru anavaa nini kichwani. Nikauliza wazee wangu wa chai, wakaniambia yuko mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye vifaru, anaitwa Shija, anakaa Migato. Nikapanda baiskeli nikaenda. Nilimkuta kwenye lambo ananywesha ng'ombe, mtu mrefu, mpole, anayeongea na ng'ombe zaidi kuliko watu. Akanieleza vizuri, kofia ya ngozi yenye vifuniko vya masikio, jinsi inavyofungwa kidevuni, jinsi inavyonuka jasho na mafuta. Nilikuwa naandika kila kitu.

"Unamchorea nani?" akauliza.

"Familia moja ya Lalago. Dereva aliyefia huko. Doto."

Shija akaacha kupiga mluzi. Ng'ombe wawili wakaingia majini mpaka tumboni, hakuwazuia.

"Doto mwenye kovu kwenye nyusi," akasema. Hakuwa anauliza.

Tukakaa chini. Alichoniambia alikisema akitazama maji, na mimi nitawaambia kama alivyosema.

Siku ile hakukuwa na mapigano. Adui alikuwa amekimbia kitambo, hata ndege hazikusikika. Ilikuwa mvua. Vifaru vilikuwa vinavuka kijito chenye matope, juu ya magogo waliyoyalaza wenyewe. Dereva wa kifaru haoni karibu, kwa hiyo mahali kama pale anatembea mtu mbele akimwelekeza kwa mikono. Aliyekuwa mbele ya Doto ni Shija.

"Nikampa mkono wa kushoto," akasema. "Ilikuwa nimpe wa kulia. Alinifuata. Alikuwa ananiamini, angefuata tu. Mnyororo ukatoka kwenye gogo, kifaru kikalala, kikageuka juu chini ndani ya maji. Mlango wake ukawa upande wa tope. Tulimsikia anagonga, fundi. Anagonga chuma kutoka ndani. Tulichimba kwa mikono, kwa sahani za kulia. Kilikuja kifaru kingine na mnyororo wa kuvutia. Kilipofika alikuwa hagongi tena."

Walimzika hapohapo juu ya ukingo.

"Uliwahi kufika kwao?" nikamuuliza.

"Lalago nimefika mara mbili. Mnadani. Nikauza ng'ombe, nikarudi."

Akaokota jiwe akalirushia wale ng'ombe, wakatoka majini. Kisha akanishika mkono. "Usiwaambie. Wewe chora vita. Mchore anapigana, ndege juu, adui anaungua. Mama yake apate cha kujivunia. Mimi hiki ninacho peke yangu na nimeshakizoea."

Nikakubali, na nilikubali upesi. Mngependa kusikia kwamba nilikubali kwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini ilikuwepo na sababu nyingine. Vita najua kuichora. Kifaru kilicholala chali ndani ya maji, na watu wanaochimba tope kwa sahani, nilikuwa sijui nianzie wapi. Wala hakuna mtu ambaye angesimama mbele yake akasema, fundi, umeweza.

Nilichora juu ya kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, nilichokipigilia kwenye fremu ya mbao, urefu wa mlango. Doto ametoka nusu mwili kifaruni, kofia ya ngozi, kovu mahali pake. Udongo umebonyea sawasawa. Juu yake ndege mbili za adui, moja inaanguka ikitoa moshi, na upepo ni mmoja. Nyuma ya bega lake kifaru cha adui kinawaka. Moto ule niliukandika kwa kisu siku mbili nzima. Naapa sijawahi kuchora kitu kizuri zaidi.

Niliipeleka Lalago juu ya lori la pamba, nimeifunga blanketi. Majirani walijaa uani. Walipoiona walipiga vigelegele, wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja akasema, "Kumbe Doto alikuwa simba." Kulwa alisogea mbele. Aliitazama picha, kisha akanitazama mimi, kisha picha.

"Ilikuwa hivi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeambiwa na aliyekuwepo."

"Ni nani?"

"Mzee mmoja wa Migato. Anaitwa Shija." Nilimtaja ili uongo wangu upate mguu wa kusimamia.

Wakamleta Mayu Minza, wakamsogeza mpaka pua yake ikakaribia kitambaa. Alinusa rangi kwanza. Halafu akaweka viganja viwili juu ya uso wa Doto, akavipitisha taratibu, akasogea, akafumba jicho moja, akatazama kwa lile lililobakia na nuru.

"Ndiye," akasema. "Wabeja, baba. Asante. Ndiye huyu." Alikuwa anatabasamu, na wanawake wakaanza kulia. Nikafikiri, hii ndiyo siku ya maisha yangu.

Mkono wake ukashuka begani kwa Doto. Ukapita bega. Vidole vikagusa pale nilipokandika rangi, vikasimama.

"Hiki kinachokwaruza ni nini?"

Nikajibu mimi. "Ni moto, mayu."

Akasogeza uso karibu, akaona njano na nyekundu. Akarudisha mkono kwenye uso wa mwanawe, akaupeleka tena kwenye moto, akipima kwa vidole jinsi vilivyokaribiana. Vilikuwa karibu sana. Nilivisogeza makusudi, ili mwanga wa moto uangukie shavu.

"Mwanangu aliungua?"

"Hapana, mayu. Hicho ni kifaru cha adui."

"Moto huu uko mgongoni kwake. Mimi nimekuwa nikijiambia miaka yote, pengine ni risasi, risasi ni ya mara moja. Kumbe aliungua."

"Hakuungua! Nakuapia, mayu."

"Basi alikufaje?"

Wanangu, hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Watu wote walikuwa pale, Kulwa alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasema, "Alikufa anapigana." Sauti yangu mwenyewe ilinisikikia kama ya mtu anayesoma bango.

Mayu Minza akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia mtoto anayedanganya. Akaomba arudishwe ndani.

Aliishi miezi miwili mingine hivi. Macho yalikwisha kabisa, lakini picha aliijua ilipo, ilikuwa ukutani mwa chumba chake. Kijana aliyeniletea taarifa ya msiba alinisimulia kwamba kila siku Mayu Minza alikuwa anaomba kata ya maji, anaenda mpaka pale kwa kupapasa, anamwagia picha. Wakimzuia analia. Wakimwambia moto umeshazimika, anagusa, anaukuta umesimama vilevile. Ile rangi nzito haiondoki kwa maji, na mimi ndiye niliyeichanganya hivyo.

Taarifa ya msiba iliponifikia nilipitia Migato kwanza. Shija alinisikiliza huku ameshika nguzo ya zizi. Nikamweleza habari ya moto na ya kata ya maji, sikumficha kitu. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi, akachukua fimbo yake.

Tulifika watu wakiwa wametoka kuzika. Walikuwa wamemzika Mayu Minza ubavuni mwa lile kaburi dogo la shati. Shija aliwasalimia wazee, halafu, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, akasimama katikati ya ua.

"Mimi ndiye Shija wa Migato," akasema. "Ile picha iliyomo ndani si kweli, na uongo wake ni wangu. Mwacheni fundi." Akasimulia yote. Mvua, magogo, mkono wa kushoto. Aliposimulia habari ya kugonga, wazee wakainamisha vichwa. Alipomaliza alibaki amesimama, kama anangojea kupigwa.

Hakuna aliyempiga. Kijana mmoja wa ukoo alinyanyuka kwa hasira, Kulwa akamwambia, "Kaa chini." Kisha akamuuliza Shija, "Alisema neno lolote?"

"Chuma ni kinene, mayu. Tulisikia kugonga tu."

Kulwa akaingia ndani, nami nikamfuata, kwa sababu sikuweza kukaa pale nikitazamwa. Picha ilikuwa ukutani. Chini kitambaa kilikuwa kimevimba kwa maji na kuota ukungu, juu uso wa Doto ulikuwa mzima, na moto ulikuwa mzima.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Kabla hujaichora?"

"Kabla."

"Mama yangu amekufa anazima moto," akasema polepole. "Na mtoto wake alikufa majini."

Nikamwambia naweza kuitengeneza. Nitakwangua moto wote kwa kisu, nitafuta ndege, niweke mvua, niweke kile kijito na lile gogo. Wiki mbili tu, nikasema, vitu vyote ninavyo. Nilikuwa naongea haraka haraka, mikono yangu inaonyesha hewani wapi nitaweka nini, kama ninavyoongea na wateja.

Aliniacha nikamaliza.

"Utamchorea nani sasa?"

Tangu siku ile sijachora kifaru wala ndege ya kivita. Nilirudi kwenye majina ya maduka, bei za soda, ng'ombe kwenye mabango ya dawa ya kuogeshea mifugo. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini, na nilikuwa nawaambia soko limekufa. Halikufa. Nyinyi mnaochora vita siwakatazi. Ila kabla hamjaweka moto, hata wa adui, tafuteni kwanza nani ataugusa.

Siku ile ya msiba nilitoka kuaga. Shija alikuwa ameketishwa kwenye mkeka, wamempa maji, hajayanywa. Kulwa alinipita, akaenda kukaa mbele yake, karibu, magoti yakakaribia kugusana. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshafika njiani kwenye ua wa minyaa nilipogeuka nyuma. Shija alikuwa anasimulia tena tangu mwanzo, ameinua mkono wa kushoto juu, anamwonyesha, na Kulwa, bila kuondoa macho kwenye ule mkono, anamuuliza kwa utulivu:

"Halafu?"